Mali Bila Daftari: Habari za Ukoo wa Bonnier, Wapiga Chapa wa Stockholm

Mwaka jana tulimzika mzee wetu mmoja hapa Stockholm. Baada ya matanga watoto wake walifungua kabati, wakakuta sanduku la picha: arusi, safari za meli, watoto waliovaa sare za shule, wanaume watatu wamesimama mbele ya duka. Wakazigeuza moja moja. Nyuma ya picha hapakuwa na neno. Aliyewajua watu wale alikuwa ni yeye, naye amekwisha kwenda. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tulidhani methali hiyo ni ya wafanya biashara peke yao, kumbe ni ya kila ukoo.

Kwa sababu hiyo tumeonelea vema katika kitabu cha mwaka huu kueleza habari za ukoo mmoja wa mji huu ambao haukupoteza daftari lake. Ni ukoo wa Bonnier. Jina hilo hakuna kati yetu asiyeliona: limo katika vitabu wanavyosoma watoto wetu, nasi hupita mbele ya jengo lao kubwa la Torsgatan. Lakini ni wachache tunaojua kwamba watu hawa nao walikuja kama wageni, na kwamba tangu kitabu chao cha kwanza hadi siku waliponunua kiwanda cha chapa hapa Stockholm ilipita miaka zaidi ya 50.

NDUGU AMWITA NDUGU

Habari yao yaanzia Dresden, Ujerumani, ambako mwaka 1778 alizaliwa mtoto wa Kiyahudi aliyeitwa Gutkind Hirschel. Alipokuwa kijana alihamia Copenhagen, nchini Denmark, akabadili jina na kujiita Gerhard Bonnier. Sisi tulio wageni jambo hilo halitushangazi. Wako wangapi kati yetu ambao jina lililoandikwa katika pasipoti silo walilokuwa wakiitwa na bibi zao? Huko Copenhagen Gerhard alifanya biashara ya vitabu, na mwaka 1804 akatoa kitabu chake cha kwanza, mkusanyo wa visa vya wahalifu. Mwaka huo ndio ambao kampuni inauhesabu kuwa ni wa kuzaliwa kwake.

Gerhard alijaliwa watoto wengi, na duka moja haliwezi kulisha nyumba kubwa daima. Mwanawe Adolf, aliyezaliwa 1806, alivuka bahari mwaka 1827 akaingia Göteborg na kufungua duka lake mwenyewe. Katika miaka ya 1830 akafungua na jingine Stockholm. Kisha akafanya kama walivyofanya kaka zetu waliotangulia kuja huku: akawaita wadogo zake. Albert, aliyezaliwa 1820, alifika Stockholm mwaka 1835. David Felix, aliyezaliwa 1822, alifuata baadaye akashika kazi ya Göteborg, na ndiye aliyeanzisha huko gazeti la Göteborgs-Posten mwishoni mwa miaka ya 1850.

Wala msomaji asidhani kwamba walifunguliwa milango kwa shangwe. Sheria ya mwaka 1782 iliwaruhusu Wayahudi kukaa katika miji michache tu ya Uswidi, ikiwemo Stockholm, Göteborg na Norrköping, na kazi nyingi walikatazwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1838. Hata hivyo haki ya kuchaguliwa kuwa wabunge hawakuipata mpaka 1870. Kwa hiyo Albert alipoteremka hapa alikuwa na mambo mawili tu mkononi: kaka aliyemtangulia, na kazi ambayo angeweza kujifunza.

KIJANA WA MIAKA 14

Albert alikuwa na umri wa miaka 14 hivi alipoanza kazi katika duka la kaka yake. Katika kazi ya vitabu ya zama zile kijana hakuanza kwa kukaa kitini na kutoa amri. Alikuwa mwanagenzi. Alijifunza kufungua masanduku, kufunga vifurushi, kuandika daftari la wadeni, na kumtambua mteja atakayelipa na yule atakayeahidi tu.

Mwaka 1837, kabla hajatimiza hata miaka 18, Albert alitoa kijitabu kwa jina lake mwenyewe. Kilikuwa ni kijitabu cha mzaha kilichofasiriwa kutoka Kifaransa, kikidai kuthibitisha kwamba Napoleon hakupata kuishi duniani. Mwandishi wake alieleza kwa uso mkavu kuwa Napoleon ni jua tu: jina lake latokana na Apollo, ndugu zake wanne ni majira manne ya mwaka, na majemadari wake 12 ni nyota 12 za falaki. Kumbuka kuwa Napoleon alikuwa amekufa mwaka 1821 tu, na waliomwona kwa macho yao walikuwa wangali hai. Watu walicheka na wakanunua. Kampuni kubwa tunayoiona leo ilianzia kwenye kijitabu hicho chepesi.

Baadaye Albert alisafiri kwenda Leipzig, Vienna na Pest kuongeza ujuzi. Leipzig ndio uliokuwa mji mkuu wa biashara ya vitabu katika nchi za Wajerumani. Aliporudi Stockholm alikuwa na wazo moja lililomfaa sana. Mwaka 1844 alianza kutoa Svea, kalenda ya watu wote: tarehe za mwaka, na pamoja nazo hadithi, mashairi na picha. Svea iliendelea kutoka kila mwaka kwa miaka zaidi ya 60. Kuanzia 1859 akatoa pia kitabu cha mwaka cha wafanya biashara wa Uswidi.

Hapa naomba tutue kidogo. Mtu akinunua hadithi hununua mara moja, lakini kalenda ikiisha mwaka humrudisha dukani. Ndivyo Albert alivyojipatia fedha za uhakika za kulipia vitabu vingine ambavyo hakuna aliyejua kama vitanunuliwa. Na Svea ile ilikuwa jamaa ya kitabu hiki ulichokishika mkononi.

KIWANDA

Mpaka hapo Albert alikuwa mtoaji wa vitabu, lakini alipowachapisha kwa watu wengine ilimbidi kungoja zamu yake na kuwaachia sehemu ya faida. Mwaka 1856 alinunua kiwanda cha chapa kilichojulikana kwa jina la Hörberg. Tangu siku hiyo vitabu vyake vikapigwa chapa katika nyumba yake mwenyewe.

Vijana wetu wamezoea kubonyeza kitufe, kwa hiyo ni vema kueleza kazi ilivyokuwa. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi, sura yake imegeuzwa kama katika kioo. Mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, akiokota herufi moja moja na kuzipanga mstari baada ya mstari. Ukurasa ukitimia ulifungwa kwa nguvu ndani ya fremu, ukapakwa wino, ukawekewa karatasi na kukandamizwa. Kisha nakala ya kwanza ilisomwa, makosa yakasahihishwa, na kazi ikaanza. Ukurasa ukiisha kuchapwa, herufi zote zilirudishwa sandukuni, kila moja chumbani mwake, ili zitumike tena. Mwenye kiwanda alilipa mishahara, karatasi na wino kabla hajaona hata senti ya mnunuzi. Kwa hiyo mtambo uliolala ulikuwa hasara, na kalenda na vitabu vya mwaka vilisaidia usilale.

Ni haki kusema kwamba wakati nao ulimsaidia. Mwaka 1842 serikali ya Uswidi iliamuru kila parokia iwe na shule ya watu wote, na watoto wale walipokua walikuwa wasomaji. Mwaka huo huo wa 1856 njia kuu za kwanza za reli ya serikali zilifunguliwa, na polepole vifurushi vya vitabu vikaanza kusafiri kwa siku badala ya majuma. Karatasi nayo, iliyokuwa ikitengenezwa kwa matambara, ilikuwa ghali. Mwaka 1874 mhandisi Carl Daniel Ekman alianzisha huko Bergvik kiwanda cha kutengeneza massa ya karatasi kutokana na miti kwa njia ya kemikali. Nchi ya misitu ikapata karatasi rahisi. Bahati ya wakati iliwafikia wachapaji wote, lakini aliyefaidika nayo zaidi ni yule aliyekuwa amekwisha jifunza kazi.

Na mwaka 1856 ulimletea Albert kitu kingine tena. Alizaliwa mwanawe, Karl Otto.

ANAYECHAPA HUJIBU

Kazi ya chapa haina faida tu. Anayechapa maneno ya mwingine hubeba sehemu ya mzigo wa maneno hayo. Mwaka 1884 Albert Bonnier alitoa kitabu cha hadithi cha August Strindberg kiitwacho Giftas. Ndani yake mlikuwa na maneno ya kejeli juu ya ibada ya Komunyo. Serikali ikakamata nakala na kufungua mashtaka ya kuikashifu dini. Strindberg mwenyewe alikuwa Uswisi. Kama asingerudi, aliyekuwa Stockholm ndiye angejibu, na aliyekuwa Stockholm alikuwa Albert, mzee wa miaka karibu 64. Magazeti mengine yakapata nafasi ya kumtukana kwa Uyahudi wake, kana kwamba miaka yake karibu 50 ya kukaa nchini haikuwa kitu.

Aliyetumwa Geneva kumleta Strindberg alikuwa Karl Otto, kijana wa miaka 28. Strindberg alirudi, akapokewa kituoni na umati wa watu, na tarehe 17 Novemba 1884 baraza la mahakama likamwona hana hatia. Familia ikapumua. Lakini hofu haikutoka mara moja. Miaka minne baadaye Strindberg alipowapelekea mchezo wake wa Fröken Julie, waliukataa, ukatolewa na mchapishaji mwingine. Leo mchezo huo huchezwa duniani kote. Hatuandiki hivi kuwacheka. Aliyekwisha kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano wetu. Nairobi, mwaka 1933, Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times, akiwa na kiwanda chake cha chapa. Katika kiwanda hicho yalichapwa pia magazeti ya Kiswahili, Habari za Dunia na baadaye Jicho. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa uchochezi na kumtia gerezani. Yeye hakupata umati wa kumpokea kituoni wala baraza la kumwachia. Hata hivyo kiwanda hakikufa. Kiliendelea mikononi mwa familia, kikajulikana kwa jina la Colourprint. Tunawataja hapa pamoja kwa sababu mizani yao ni moja: familia yenye mtambo wa chapa hupimwa siku ile inapoulizwa, nani alichapa haya?

KIZAZI BAADA YA KIZAZI

Karl Otto aliingia ubiani na baba yake mwaka 1886, na Albert alipofariki mwaka 1900 akashika usukani. Hakuanza siku ile. Alikuwa amekwisha kusafiri kwa ajili ya kazi, amekwisha kuwajua waandishi, na amekwisha kuona baba yake akitishwa na mahakama. Katika zama zake kampuni ilitoa vitabu vya Selma Lagerlöf, na katika miaka ya 1906 na 1907 kikatoka kile kisa cha Nils Holgersson anayesafiri juu ya mgongo wa bata bukini. Kisa hicho kiliandikwa kwa ombi la walimu, kiwe kitabu cha kusomea shuleni. Watoto wetu wengi wamekisoma. Lagerlöf alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Mwaka huo huo Karl Otto alipata sehemu kubwa ya hisa za gazeti la Dagens Nyheter, lililoanzishwa na Rudolf Wall mwaka 1864. Baba yake alikuwa mmoja wa wenye hisa wa mapema, na mwana akaendeleza. Wanawe Tor, Åke na Kaj wakaingia kazini. Mwaka 1929 familia ilinunua kampuni ya Åhlén & Åkerlund, iliyotoa magazeti ya kila wiki. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa haijakwisha, wakaanzisha Expressen, gazeti la jioni lililosimama wazi kupinga Unazi. Aliyekuwa mstari wa mbele katika jambo hilo alikuwa Albert wa pili, mwana wa Tor, aliyezaliwa 1907. Jengo la Torsgatan lilikamilika mwaka 1949, na lile refu la Dagens Nyheter huko Marieberg mwaka 1964.

Kasoro moja haina budi kutajwa. Katika vizazi hivyo uongozi ulishikwa na wana wa kiume. Eva Bonnier, binti wa Albert, alikuwa mchoraji hodari, na fedha alizotoa zimepamba mji huu kwa sanamu na michoro hadi leo. Lakini kiti cha kampuni hakikuwa chake. Sisi tusirithi kasoro hiyo. Kila mwenye kujua kazi ya kitabu hiki anajua ni akina nani wanaokesha wakisahihisha kurasa.

Na msomaji asidhani kuwa kudumu ni jambo la kawaida. Mwaka 1823 Per Adolf Norstedt aliwatia wanawe ubiani katika kiwanda chake cha chapa hapa Stockholm, na jina likawa P. A. Norstedt & Söner, yaani Norstedt na Wanawe. Kilikuwa kiwanda cha heshima, kikachapa kazi za mfalme, na nyumba yao yenye mnara ingali inaonekana Riddarholmen. Lakini wana wale hawakuendelea kizazi baada ya kizazi. Kampuni ilipita mikono mingi, na mwaka 2016 ilinunuliwa na kampuni ya Storytel. Jina limebaki, ukoo umetoka. Kampuni ya Bonnier ingali mali ya familia, ingawa sasa mtambo wa chapa si kiini cha biashara yao tena.

DAFTARI

Tofauti ilitoka wapi? Bahati ipo, na fedha zipo. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba ukoo wa Bonnier haukurithishana mali peke yake. Walirithishana kazi. Gerhard aliwapa wanawe kazi ya vitabu, Adolf akampa Albert nafasi ya uanagenzi, Albert akampa Karl Otto safari ngumu ya Geneva. Kila mmoja alipewa kazi ya kweli angali kijana, mkubwa wake angali hai wa kumwonyesha.

Na jambo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Uzeeni Karl Otto alikaa akaandika historia ya ukoo wake. Ilitoka katika juzuu tano, mwaka 1930 na 1931. Aliiita habari za ukoo wa wauza vitabu. Hakuuita ukoo wa matajiri, wala ukoo wa wenye magazeti. Alitaja kazi waliyoanza nayo. Kwa ajili ya juzuu zile twajua leo kwamba Adolf alivuka bahari mwaka gani, na kijitabu cha kwanza cha Albert kilikuwa cha nini. Mzee yule aligeuza picha na kuandika majina nyuma.

Sisi hatuna kiwanda. Tunacho kitabu hiki, kinachopangwa kwa kompyuta juu ya meza ya jikoni na kupelekwa kwa mchapaji kila mwaka, kwa michango ya jamaa. Kila mwaka hurudi swali lile lile: nani atakiendeleza? Wazee husema vijana hawataki. Vijana husema hawakuitwa. Pengine wote wasema kweli.

Basi tunaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila nyumba yenye mzee imkalishe jioni moja na sanduku lake la picha, na mtoto mmoja ashike kalamu ya risasi aandike nyuma: nani, wapi, mwaka gani. La pili, kila nyumba imtoe kijana mmoja, wa kike au wa kiume, aje akae nasi mwaka ujao tunapopanga kurasa. Hatutampa kazi ya kuleta chai. Tutampa ukurasa, aupange, aukosee, ausahihishe, na jina lake liandikwe chini yake.

Wale wanaume watatu waliosimama mbele ya duka hatuwezi tena kuwajua. Picha yao tumeichapa katika ukurasa unaofuata. Kama yuko jamaa anayewatambua, popote alipo, atuletee majina. Nafasi chini ya picha tumeiacha wazi.